Ukoo Mzima Mkekani

9 Februari

Kisiki mwanangu,

Marahaba! Najibu shikamoo yako kabla hujaitoa, maana najua ukikaa kuandika utaisahau. Sisi huku wazima, tunakula na kulala na kugombana kama kawaida. Baba yako anasema mgongo unamuuma, ila nimechunguza, humuuma siku za kazi tu. Mama yako amenunua mapazia ya rangi ambayo mpaka leo sijui inaitwaje. Nimemwambia yamependeza, Mungu anisamehe. Dada yako anatarajia mtoto wa pili, na akitoka na sauti kama ya yule wa kwanza basi tuhame mji. Bonge mwanangu amekuja kukaa kwangu kidogo. Uhasibu wake anaufanyia hapa hapa kwenye meza yangu ya chakula, na kila nikihamisha kijiko ananiangalia kama mwizi.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu sikio langu unalijua. Tukizungumza kwa simu, mtaa mzima unapata habari zetu bure.

Inspekta sinaye tena. Nimempeleka kwa fundi viatu, ng'ambo ya barabara. Paka gani anamwaga manyoya kwenye vitambaa vya wateja? Akae huko huko na ngozi zake.

Haya, tuje kwenye jambo lenyewe. Mtihani wako wa mkanda mweusi ulikuwa mwezi uliopita. Picha iko wapi? Nimetengeneza fremu mwenyewe, nimeizungushia mahameli ya kijani iliyobaki kwenye kochi la daktari wa meno, na Bonge ameitundika ukutani. Sasa kila mgeni akiingia anauliza mbona naning'iniza fremu tupu. Nimechoka kujibu. Leta picha.

Shangazi yako, fundi makochi asiye na mpinzani


2 Machi

Shangazi,

Shikamoo! Umeona? Sikusahau. Mimi mzima, kazi ya dobi hotelini inaendelea, mashuka hayaishi. Siku hizi nimehamishiwa kwenye pasi kubwa, ile ya kuviringisha, na mwenzangu wa upande wa pili ni mama mmoja anayeimba toka tunaingia mpaka tunatoka. Wimbo ule ule. Nimeanza kuuota. Chumba nilichopanga kina dirisha sasa, maana aliyekuwa ameliziba kwa kabati amehama na kabati lake. Mwambie dada nimefurahi mno, na mwambie jina la mtoto asimwachie baba achague.

Mwalimu wangu wa judo anakusalimu. Yaani, nilipomwambia nina shangazi, alitikisa kichwa. Kwake hiyo ni hotuba. Ndiyo maana tunamwita Mwalimu Kimya.

Kuhusu fremu, usiishushe, ila usiisubiri sana. Mambo ya mkanda yana taratibu zake.

Lakini shangazi, manyoya? Inspekta amelala juu ya sponji zako miaka yote na hukuwahi kulalamika. Ulikuwa unamkatia vipande vya mahameli alalie. Kumetokea nini?

Akupendaye, Kisiki


20 Machi

Kisiki,

Taratibu! Mteja akiniuliza kochi lake liko wapi, nami nikamjibu "mambo ya makochi yana taratibu zake", basi ajue sijaligusa hata kwa sindano. Mimi ndiye niliyeyavumbua maneno hayo. Umefeli?

Habari za nyumbani ni nzuri. Za paka achana nazo.

Shangazi


11 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa. Barua hii nimeianza mara nyingi, nikaichana, mpaka mama mwenye nyumba akadhani naandikia mchumba.

Nimefeli. Haya, nimelisema.

Na kinachoniuma ni kwamba sikufelia mkekani. Mkekani nilirusha watu mpaka wakaguzi wakasogeza viti vyao nyuma. Nilifelia sehemu ya maswali. Ukimaliza kuonyesha, unapiga magoti mbele ya meza ya wakaguzi watatu, wanakuuliza, nawe unajibu kwa mdomo. Katikati amekaa mama mmoja mwenye miwani ya kamba shingoni. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Taja makundi makuu ya mbinu za judo, na useme kila kundi linafanya nini."

Shangazi, hilo swali ni la wanaoanza! Niko mkekani toka nikiwa na mapengo. Lakini ulimi ulikauka. Majina yenyewe ni ya Kijapani, yote yanaishia "waza", na siku hiyo yalikuwa yanapishana kichwani kama watu kwenye mlango wa zahanati. Nikafungua mdomo, ukatoka upepo. Nikaufunga. Yule mama akasubiri, akasubiri, halafu akaandika kitu.

Nafasi ya pili ni tarehe kumi na nne Juni. Na hii hapa ndiyo inayonikosesha raha: Mwalimu Kimya anastaafu mwaka huu. Anataka kuniachia darasa la watoto pale ukumbini, ila wenye ukumbi wamesema bila mkanda mweusi hawamkabidhi mtu watoto. Nikifeli tena, ukumbi unapewa watu wa mazoezi ya kupunguza tumbo. Hao watoto, shangazi! Kuna kamoja kanasalimia mkeka, kanausahau, kanarudi kuusalimia tena. Siwezi kuwaacha.

Makundi yenyewe ni haya, nakuandikia ili uone si mengi. La kwanza ni kurusha. Humo kuna kurusha ukiwa umesimama, kwa mikono, kwa kiuno, au kwa miguu, na kuna kurusha kwa kujitosa, yaani unaanguka wewe kwanza, kwa mgongo au kwa ubavu, ili mwenzako aruke. La pili ni la chini: kumgandamiza mtu, kumkaba shingo kwa ukosi wake, na kumkunja kiungo mpaka apige mkeka kuomba msamaha. La tatu ni kupiga, kwa ngumi na viganja na mateke, na hilo hufundishwa kwenye maonyesho yaliyopangwa tu. Mashindanoni ni marufuku.

Basi. Nikiandika yanatoka. Nikiulizwa yanakimbia. Nifanyeje?

Kisiki wako


25 Aprili

Kisiki mwanangu,

Marahaba, na kwanza pole, na pili acha upumbavu. Mtu mzima unalia kwa sababu ya majina?

Baba yako hajambo. Mama yako amebadilisha mapazia, haya mapya ni mabaya kuliko yale. Bonge bado yupo.

Sasa nisikilize. Mimi nilipoanza ufundi, yule aliyenifundisha alikuwa na mishono mingi na kila mmoja una jina la kizamani. Yaligoma kabisa kuingia kichwani. Mwisho nikaacha kuyakariri majina, nikampa kila mshono mtu. Ule wa pembeni unaokaza kimya kimya bila kuonekana nikamwita mama mkwe. Ule wa haraka haraka unaofumuka wiki hiyo hiyo, mchumba wangu wa kwanza. Mpaka leo nikishika sindano nauona uso kwanza, halafu mkono unajua pa kwenda, halafu jina linakuja lenyewe kwa nyuma. Kwa hiyo haya makundi yako tutayagawia watu wetu. Ukoo wote utakwenda mtihani na wewe.

Mikono ni mama yako. Umeshamwona anavyomtoa mtu jikoni? Hakusukumi wala hakufokei. Anakushika mkono wa shati, anauvuta hivi, unashtukia uko sebuleni na hukumbuki umefikaje.

Kiuno ni kaka yangu, baba yako, kwenye muziki. Akianza kucheza harusini, kila aliyesimama karibu anajikuta upande wa pili wa ukumbi. Hana nia mbaya. Anakuingilia chini kidogo, anazungusha kiuno, kwaheri. Na mgongo siku hiyo haumuumi hata chembe.

Kujitosa ni kwa aina mbili, na zote mbili zilitokea kwenye harusi ya wazazi wako, sijui kama uliwahi kusimuliwa. Mjomba wako, lile litwiga, alisogeza kiti nyuma kikampindukia. Katika kuanguka chali akashika kitambaa cha meza, miguu ikapaa, na keki ya maharusi ikampita juu ya kichwa, ikatua nyuma yake. Kujitosa kwa mgongo. Mkewe alipoiona keki angani akajirusha pembeni aidake, akamzoa mpiga picha miguuni, wakaenda chini pamoja. Kujitosa kwa ubavu. Keki hakuipata. Picha ya tukio hilo ipo, ni ya dari.

Twende kundi la chini. Kugandamiza ni Bonge, hilo hata halihitaji maelezo. Akikaa kwenye kochi la mteja, kochi halitoki na mteja hatoki. Kukaba shingo ni bibi yako, marehemu mama yangu, alivyokuwa akitufunga kifungo cha juu cha shati asubuhi ya shule. Ukosi wako mwenyewe, mikono yake, na mapenzi tele, na huku macho yanatutoka. Kukunja kiungo ni dada yako na rimoti. Huyo unamjua kuliko mimi, wewe ndiye uliyekuwa ukipiga sakafu.

Kundi la kupiga nimekaa nalo siku nzima. Linaumiza, linajulikana na wote, na haliruhusiwi mbele za watu ila pakiwa pamepangwa vizuri. Ni mimi. Ni ulimi wangu. Siku ya kuposwa dada yako si walinikalisha mwisho kabisa karibu na mlango, wakanipa sentensi moja ya kusema?

Imebaki miguu, na hiyo mpe paka. Inspekta hakuvamii. Anasubiri mguu wako uko hewani, umekaribia kugusa chini, uzito wako wote uko njiani, na hapo hapo ndipo anapita. Si kabla, si baada. Huna pa kushika. Unaiona taa, halafu unaiona dari, halafu mgongo unagundua sakafu ni ngumu. Namjua mimi.

Yarudie kila siku ukiwa kwenye pasi yako. Mwenzako aimbe, wewe utaje ukoo.

Shangazi


9 Mei

Shangazi yangu, marufuku mashindanoni,

Shikamoo mara mia! Nimeisoma barua yako kwenye chumba cha mashuka nikacheka mpaka yule mama akaacha kuimba, jambo ambalo halijawahi kutokea. Ikabidi nimsomee. Sasa kila shuka likipita kwenye pasi ananiuliza, "Na mjomba?" Najibu, "Kujitosa kwa mgongo, keki hewani!" Halafu jina la Kijapani linakuja mbio nyuma yake, kama ulivyosema. Msimamizi anadhani tumerukwa na akili.

Mimi mzima, chakula nakula, dirisha bado lipo.

Lakini kuna kitu. Ile sehemu ya paka nimeisoma tena na tena. Mwalimu Kimya hutumia mwezi kutufundisha hilo, kwamba mguu unafagiwa ukiwa umekaribia kutua, si kabla wala si baada. Wewe umelijuaje, shangazi? Na hiyo taa, na dari? Kisha nikazitoa barua zako tatu za mwaka huu nikazipanga kitandani. Hakuna karakana. Wewe, ambaye barua zako zote za zamani zinanuka gundi! Hakuna mteja aliyeingia, hakuna fundi mwenzako uliyemtukana, hakuna springi iliyokuruka usoni. Bonge kaja "kidogo" na haondoki. Fremu umetundikiwa. Paka kahamishwa.

Inspekta alikuangusha ngazini. Na toka siku hiyo hujashuka kwenye karakana, hapo chini yako.

Usinijibu kwa ulimi wako, nijibu kweli. Sikulaumu hata kidogo. Ila nakuambia kitu ambacho watu hawakijui kuhusu judo: kabla ya makundi yote hayo, kuna kuanguka. Ndicho wanachofundishwa watoto wangu siku ya kwanza, kabla hawajaruhusiwa kumgusa mtu. Hakikuhesabiwa kwenye makundi yale, lakini bila hicho hayana maana, maana nani atakubali kurushwa?

Basi na wewe utajifunza. Tandika sponji chumbani, zile nene za kochi, mbili mbili. Chuchumaa mwanzoni, usianze kwa kusimama. Kidevu kifuani, uangalie kitovu chako, ili kisogo kisiguse chini. Mgongo uuviringe kama jora la kitambaa. Usitangulize mkono kujizuia, mkono ukitangulia ndio unaovunjika. Jiachie nyuma, ubiringike, na mgongo unapofika chini, piga sponji kwa mikono yote miwili, kuanzia viganja mpaka viwiko, karibu na mwili, huku unatoa pumzi. Piga kwa nguvu! Ule mshindo ndio unaobeba anguko badala ya mifupa yako. Mwambie Bonge akae karibu, na kwanza muulize daktari wako kama nyonga zinaruhusu. Ukipata maumivu acha.

Na kama Bonge ndiye kundi la kugandamiza, jua mtu anayekugandamiza hasukumwi. Ukimsukuma anazidi kulala. Unageuka ubavu, unatengeneza nafasi kidogo, unaitumia.

Halafu tukubaliane. Tarehe kumi na nne Juni mimi naingia mbele ya ile meza. Siku hiyo hiyo wewe unashuka ngazi, unafungua karakana. Mmoja akikimbia, na mwenzake amekimbia.

Kisiki


28 Mei

Kisiki,

Marahaba. Una akili mbaya sana, sijui umeirithi wapi. Kwangu.

Ndiyo, nilianguka, mwezi wa Desemba, na nililala pale chini ya ngazi nikisikia redio ya fundi viatu na nisiweze kuita. Sikuvunjika, daktari alisema nyama tu. Lakini kila nikifika ngazi ya juu kabisa, nageuka, narudi ndani. Nashona mito huku juu, wateja wanapanda, nawadanganya kwamba mwanga ni mzuri. Mwanangu, niliogopa. Bado naogopa. Karakana ile nimeijenga kwa mikono yangu na sasa Bonge anasema tuipangishe, nikaishi kwake, kwenye chumba chenye zulia. Zulia!

Daktari amekubali, alicheka kwanza. Nimeanguka kila asubuhi toka barua yako ifike. Siku za mwanzo nilipiga sponji kama naua mbu, Bonge akasema hapana mama, mpwa wako amesema kwa nguvu. Jana nimepiga mpaka jirani wa nyumba ya pili akapanda kuuliza kama tunahama. Bonge anasimama pembeni na mikono imekunjuliwa kama golikipa. Jasho linamtoka yeye.

Zamani hata sponji nilizijua kwa kukata tu. Sikujua zinapendeza hivi ukizilalia.

Tumekubaliana. Tarehe kumi na nne. Usikimbie, nami sitakimbia.

Shangazi


15 Juni

Shangazi! Shangazi! Shangazi!

Shikamoo! Salamu kwa wote, wote wazima natumai, na huyo dada kama kajifungua niambieni! Hapa siwezi kufuata utaratibu wa barua.

Jana nilirusha vizuri, hiyo tuipite. Nikapiga magoti mbele ya meza. Yule mama mwenye miwani akaniangalia, nami nikajua kamwe hatauliza kitu kingine. "Taja makundi makuu ya mbinu za judo." Ulimi ukakauka kama siku ile. Nikasikia kabisa unavyokauka. Nikamtafuta mama yangu kichwani. Akaja, shangazi, kaja na aproni yake, kanishika mkono wa shati, na mdomo ukafunguka. "Kundi la kwanza ni nage-waza, kurusha. Te-waza ni kwa mikono." Baba akaingia anacheza. "Koshi-waza, kiuno." Paka akapita. "Ashi-waza, miguu." Kwa mjomba nilijikaza kisabuni nisicheke, na mkewe alipomzoa mpiga picha nilikohoa ili nijifiche. Nikashuka chini: Bonge, bibi na kifungo chake, dada na rimoti. Yote, kwa mpangilio, na mifano! Wakaguzi wanaandika tu.

"Na kundi la tatu?" akauliza yule mama.

Nikafungua mdomo kwa ujasiri wote, na kwa sauti iliyojaa ukumbi mzima nikasema, "Shangazi!"

Hata watoto wangu walioketi ukutani waliacha kujikuna. Yule mama akainua uso taratibu. "Shangazi yupi?"

Shangazi, ningefanya nini? Jina la Kijapani halikuwepo, ulikuwepo wewe tu, mikono kiunoni. Nikasema, "Shangazi yangu, mwalimu. Fundi makochi. Ndilo kundi la kupiga. Linaumiza sana, kila mtu analijua, linafundishwa kwenye maonyesho yaliyopangwa, na mashindanoni haliruhusiwi kabisa, kwa usalama wa watu."

Mkaguzi wa kushoto aliangusha kalamu. Wa kulia akageuka ukutani, mabega yanacheza. Yule mama akavua miwani, akaifuta, akafuta na macho. "Na kwenye vitabu vyetu," akasema, "huyo shangazi anaitwaje?"

Na jina likaja, likatembea zake taratibu kutoka nyuma yako. "Atemi-waza."

Akaandika. Halafu akasema, "Mpe salamu zangu. Mwambie mimi pia ninaye wa hivyo."

Nimefaulu! Nimefaulu, shangazi! Mwalimu Kimya alinifunga mkanda mwenyewe, akaukaza, akanishika bega, na akatoa hotuba ndefu kuliko zote za maisha yake: "Jumanne. Saa kumi. Watoto." Nilimkumbatia, maskini, hakujua aweke wapi mikono. Kale katoto kakanisalimia, kakasahau, kakanisalimia tena.

Picha hii hapa ndani ya bahasha. Nimefumba macho, lakini mkanda unaonekana.

Sasa nasubiri zamu yako. Jana siku nzima nilikuwa na wewe pale ngazini. Ulishuka?

Kisiki, mwalimu wa watoto


2 Julai

Kisiki, mwalimu,

Marahaba, na hongera mpaka mwisho wa dunia! Baba yako aliposoma barua yako alisimama akacheza jikoni, mama yako akamshika mkono wa shati akajikuta sebuleni, na sote tulipiga kelele, "Koshi-waza! Te-waza!" Dada yako kajifungua mtoto wa kike, sauti ndiyo ile ile, tunahama. Mjomba anadai keki ile ilisukumwa.

Tarehe kumi na nne nilishuka. Bonge alitangulia kinyumenyume, nami nikafuata na mkono kwenye chuma, naapiza kila ngazi. Hakuna kilichotokea. Nilifungua mlango, harufu ya gundi ikanipokea, kochi la daktari wa meno bado limekaa pale bila mgongo, na nikalikalia nikalia kidogo, sikufichi. Halafu fundi mwenzangu alipokuja, nikamtukana kwa namna alivyoziacha sindano. Toka hapo nashuka kila siku, na hata chuma sikishiki sana. Lakini Bonge hakuondoka. Alisema, "Kushuka ni kushuka, mama. Na siku ukianguka tena?"

Alhamisi iliyopita nilikuwa natoka karakana, jora la kitambaa begani, navuka kwenda kwa fundi viatu kumpimia stuli. Yule paka aliniona. Nakuapia aliniona, akasubiri. Mguu wangu uko hewani, umekaribia kabisa kutua, na mheshimiwa akapita.

Kisiki, sikuwaza chochote. Jora lilienda lake. Kidevu kikaenda kifuani chenyewe, mgongo ukaviringika, na mikono yangu ikapiga ile barabara paa! Ndege waliruka kwenye paa la duka. Fundi viatu akaangusha nyundo. Nami nipo chali, naangalia mawingu, kisogo hakijagusa kitu, viganja vinawaka moto.

"Mama!" fundi viatu akapiga kelele. "Umekufa?"

"Bado," nikamwambia. "Nahesabu mifupa."

Ilikuwepo yote. Nikageuka ubavu, nikainuka. Mwenyewe. Kumbe Bonge ameona kila kitu toka dirisha la juu, akaja mbio na kalamu sikioni, anapiga kelele usiinuke, na mimi nimeshasimama najikung'uta sketi. Alinishika mabega, akanizungusha mbele na nyuma kama anayekagua kochi la mitumba. Halafu huyo mtu mzima, huyo pandikizi la mhasibu, akakaa kwenye ukingo wa barabara akaanza kulia. "Mama," akasema, "siku ile nilipokukuta chini ya ngazi nilidhani..." Sikujua, Kisiki. Miezi yote ile nilidhani ananilinda nisiharibu kitu. Nikakaa naye pale pale ukingoni, nikamfuta uso kwa kitambaa cha mteja, tukacheka mpaka fundi viatu naye akaja kukaa.

Jumamosi amekunja mashuka yake, akarudi kwake. Nilimsindikiza mpaka chini, nikapanda peke yangu.

Picha yako iko kwenye mahameli ya kijani, umefumba macho, umependeza. Inspekta nimemrudisha. Fundi viatu hakutaka kumtoa, ikabidi nitumie kundi la tatu. Sasa analala kwenye sponji zangu za kuangukia, chini ya fremu yako, na kila anayeingia namwambia kwenye ukoo huu wenye mkanda mweusi ni wawili, mmoja huyo ukutani na mwingine huyo hapo, mwangalie unapopita.

Shangazi yako, aliyeanguka vizuri